Mananasi ya Mwanaharusi Juani

Hafidha alikuwa akibandika rangi ya zambarau kwenye majani ya mananasi, upande wa kivuli, doa baada ya doa, bila kuchora mstari hata mmoja. Alijifunza mwenyewe, kwa kutazama sana: jua la kiangazi halina mistari, lina mng'ao, na kivuli chake si cheusi. Tangu asubuhi shamba la Kiwangwa lilikuwa likikubali kuingia kwenye turubai.

Picha alikuwa akimchorea shangazi yake, Mwanaharusi. Magoti yalimshinda, Ijumaa angehamia Bagamoyo kwa mwanawe na kumwachia shamba mtu aliyelikodi. Alitaka kitu cha kutundika ukutani, wageni wajue alikotoka.

Alikuja akijikongoja na fimbo, akainama hadi pua ikakaribia rangi mbichi.

"Mbona madoa matupu? Shamba limeota upele?"

"Rudi nyuma, shangazi. Rudi tena, mpaka kwenye mkorosho."

Mwanaharusi alirudi, akafinya macho.

"Eh! Ni hapa hasa. Hata joto nalisikia." Kisha uso ukambadilika. "Nyasi ziko wapi?"

Hafidha alikuwa amejiandaa kuulizwa majani ya zambarau, si hilo. Pale shambani kila nanasi lilikuwa limefunikwa nyasi kavu, lisiunguzwe na jua. Kwa makusudi hakuziweka kwenye picha. Aliona zinaficha rangi.

"Nimeziacha ili picha ipendeze."

"Umeyavua mananasi yangu, kiangazi hiki! Mjini wageni wangu nusu ni watu wa huku huku. Watasema Mwanaharusi alikuwa kazi yake kulala."

"Ni picha tu, shangazi."

"Basi kaa nayo. Mimi siitundiki."

Hafidha alitazama shamba, akatazama picha, akatazama shamba tena. Mwishowe alichovya brashi kwenye njano, akaichanganya na nyeupe kidogo, akafunika nanasi la kwanza. Njano ilipokaa juu ya zambarau, safu nzima ikawaka. Hakulitarajia hilo.

"Hizo umezitupia," Mwanaharusi alisema. "Upepo mmoja, zimekwenda. Nyasi unazizungusha, halafu ncha unazichomeka kwenye majani. Njoo."

Alimfanya Hafidha afunike nanasi zima la shambani kwa mikono yake mwenyewe. Hafidha alirudi kwenye turubai na michubuko ya miiba, akajaribu tena, mara hii akizungusha kiganja.

"Hapo sasa."

"Lakini majani yatabaki zambarau, shangazi."

"Majani ya hivyo sijayaona tangu nizaliwe. Haya, hayo yako. Nyasi ni zangu."

Kufika alasiri, njano ilianza kugeuka tope. Rangi ya chini ilikuwa bado imelowa, na kila doa jipya liliizoa. Hafidha aliweka brashi chini.

"Rangi ikilala itashika kidogo. Nitaendelea kesho."

Safu za mbele zilikuwa zimefunikwa. Za nyuma, hadi kwenye mikorosho, bado. Aliibeba picha kwa kingo kuiingiza ndani.

"Iweke mbali na dirisha," Mwanaharusi alisema nyuma yake. "Na kesho uwahi. Huko nyuma yote yanaungua."