Shati Jeupe la Afande Pamba

Shemeji alifika dukani mapema na suruali iliyong'oka zipu. Alijifunga kipande cha kitambaa kiunoni, akakaa kwenye benchi kungoja, simu yake juu ya goti. Yeye ni dereva wa lori la mchanga, na fundi wa cherehani ni mke wa kaka yake, kwa hiyo zipu hutengenezwa bure na maneno hutolewa bure. Simu ikalia. Akaisoma, akacheka.

"Umeona, shem? 'Trafiki wako mteremkoni, nyuma ya bango la sabuni.' Wamefika sasa hivi na sisi tumeshajua. Kundi letu lina madereva wa mji mzima. Atakayeandikiwa faini leo, kajitakia."

"Na pale shuleni?"

"Shuleni hakuna trafiki."

"Nakuuliza habari za watoto."

"Ndiyo nakwambia, hakuna trafiki. Pale ni kukanyaga mafuta tu."

Fundi aliuma uzi akaukata kwa meno. Kitinda mimba wake alikuwa amekaa kizingitini na mkoba mgongoni, anakula mkate kwa kuanzia pembeni, moyo wa mkate akiuweka akiba. Yuko darasa la pili. Sikio lake la kulia halisikii tangu alipougua surua, na magari ya upande wa kwanza wa barabara ya shuleni hutokea kulia. Asubuhi mama yake humvusha kwa kumshika kifundo cha mkono, si kiganja, maana kiganja cha mtoto kina jasho na huteleza. Mchana, wateja wakiwa wamejaa dukani, mtoto hurudi peke yake. Kuanzia saa ya kutoka shule mpaka mkoba ule uonekane mlangoni, fundi hushona mishono ambayo baadaye huifumua.

Muhula uliopita mtoto wa muuza mkaa aligongwa pale pale, akabaki na mguu mmoja mfupi. Watu walikasirika siku ile. Kesho yake dereva mwingine aliandikiwa faini mteremkoni, watu wakamkasirikia trafiki, ya mguu yakaisha.

Fundi alikwenda kwa mkuu wa trafiki. Mkuu alimpokea vizuri, hata kiti alimpa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba pale shuleni hapana makosa. Hakuna dereva hata mmoja aliyewahi kuandikwa pale. Mteremkoni, ambako hata baiskeli hushika kasi yenyewe, makosa ni mengi kama siafu.

"Sasa mama, niwatoe askari kwenye makosa, niwapeleke mahali pasipo na makosa?"

"Hayaandikwi kwa sababu hakuna wa kuyaandika."

"Hilo hilo ndilo ninalosema mimi," mkuu alijibu, akasimama kumpa mkono wa kwaheri.

Asiye na mwana aeleke jiwe. Fundi yeye alikuwa na mwana, kwa hiyo alirudi dukani akachana godoro la zamani. Pamba yake aliishindilia kwenye mwili wa turubai, akatia mti wa uti wa mgongo, akashona uso wa kitambaa cha kaki na kuufunika kwa miwani nyeusi. Kofia aliipata kwa mpiga tarumbeta mstaafu wa bendi ya polisi. Shati ndilo lililomchukua muda. Alilishona jeupe, kola ngumu, vipande vya mabegani vyenye vifungo, na mifuko miwili kifuani.

"Sanamu linahitaji mifuko ya nini?" aliuliza jirani yake, muuza mboga.

"Shati lisilo na mifuko si shati, ni gauni la mgonjwa."

Hapo ndipo alipokosea, na hakuna aliyemwambia.

Yeye na jirani walilisimamisha sanamu kando ya lango la shule, wakalifunga kwenye nguzo ya umeme. Gari la kwanza lilipoliona lilishika breki mpaka matairi yakalia. La pili nalo hivyo hivyo. Ilipofika saa ya kutoka shule, magari yalikuwa yakipita pale kama yanayobeba mayai, na kitinda mimba alivuka akirukaruka kwa mguu mmoja. Watoto walilipa sanamu jina: Afande Pamba.

Madereva walichukia sana. "Hata shuleni sasa wanatutega!" walilalamika kwenye kundi lao. "Nchi haina kazi nyingine!" Dereva mmoja wa teksi alisimama bila kusimamishwa, akashuka, akajitetea mbele ya sanamu. Alisema wenzake wote wanakwenda mbio, kwa nini aonewe yeye. Alisema ana mgonjwa. Halafu akasema mgonjwa ni yeye mwenyewe. Mwishowe alikunja noti, akaitia kwenye mfuko wa kifuani, akafunga kifungo kwa adabu. Jioni aliwasimulia wenzake, "Yule afande muungwana. Hakunikatiza hata neno moja."

Wengine wakafuata. Mkono mtupu haulambwi, na kumbe hata mkono wa pamba ni hivyo hivyo.

Siku chache baadaye mkono wa kulia wa Afande Pamba uliinuka na kusimamisha basi. Watoto walivuka, mkono ukashuka. Mwalimu mkuu alimwuliza fundi kitu kimoja tu, kama Jumamosi za masomo ya ziada Afande atakuwepo. Fundi mwenyewe aliona kwamba shati limebana kwapani, kwa sababu alipolikata hakulipa nafasi ya kuinua mkono. Alilivua, akafumua kwapa, akaongeza kipande cha pembe tatu, akamvalisha tena.

"Ahsante, mama," alisema Afande Pamba. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyelalia ubavu mmoja.

"Sasa inakwenda vizuri?"

"Kwapa liko sawa. Ila mfuko huu, mama, ni mdogo."

Fundi alikuwa na haraka, mkate ulikuwa motoni. Akamwongezea mfuko.

Jumatatu iliyofuata nguzo ya umeme ilikuwa peke yake, na kamba imekunjwa vizuri chini yake. Kwenye simu ya shemeji, habari ilikuwa imeshaingia: "Pamba kahamia mteremkoni. Shuleni huru." Chini yake madereva walikuwa wameweka vikatuni vya watu wanaocheza ngoma.

Fundi alishuka mteremko kwa miguu. Alimkuta nyuma ya bango la sabuni pamoja na trafiki wengine wawili. Walikuwa wamemwachia mahali penye kivuli, kwa kuwa yeye ndiye mgeni. Alishapewa filimbi na kalamu.

"Mwanangu, rudi kazini kwako."

"Kazini ndiyo hapa, mama."

"Mimi nimekushona kwa ajili ya watoto."

"Najua, na nashukuru." Afande Pamba alivua miwani akaipangusa. Nyuma ya miwani palikuwa na kaki tupu. "Lakini pale shuleni wanapita watoto, mama. Watoto hawana leseni. Nitamwandika nani?"

"Usimwandike mtu! Simama tu, basi! Kusimama tu kunakushinda?"

"Mama, polepole. Unawashtua madereva."

Ni kweli, gari lililokuwa linakuja lilikuwa limepunguza mwendo. Trafiki mwenye kitambi alimtazama fundi kwa jicho baya, akamwomba asogee nyuma ya bango kama anataka kuendelea na mazungumzo.

Wiki ile ile fundi alikuwa amemshika binti yake kifundo cha mkono, mguu mmoja lami, mguu mmoja ukingoni. Lori la mchanga lilitokea kulia. Alimvuta mtoto, mtoto akaja, lakini mkoba haukuja. Ndoano ya ubavuni mwa lori iliunasa kwa mkanda, ikamgeuza mtoto kama pia, ikamwangusha chini, mkanda ukakatika na mkoba ukaenda zake. Kitinda mimba aliinuka na magoti yaliyochunika. Hakulia mpaka alipokumbuka kwamba moyo wa mkate ulikuwa ndani ya mkoba.

Jioni shemeji alileta mkoba. Aliuweka juu ya cherehani, na mtu aliyekasirika alikuwa yeye.

"Shem, mfundishe huyu mtoto kuvuka! Leo nusura aniletee kesi."

"Nusura umuue."

"Ndiyo nakwambia! Unaijua kesi ya hivyo wewe? Wananyang'anya leseni. Watoto wangu watakula nini?"

"Ungepunguza mwendo, shemeji."

"Kwa nani? Palikuwa na trafiki?"

Aliuliza kwa moyo safi kabisa, kama mtu anayeuliza njia. Fundi alimtazama, akatazama mkoba. Kisha shemeji alimpa mtoto peremende, akamwuliza magoti yanaendeleaje, akamwita mchumba kama anavyomwita siku zote. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalochosha zaidi, maana mtu mbaya ungejua pa kumweka.

Fundi alishona shati jingine. Hili alilipima kwa mwili wake mwenyewe, akaacha nafasi kwapani tangu mwanzo, na mfuko hakuweka hata mmoja. Asubuhi alilivaa, akasimama katikati ya barabara, akainua mkono.

Magari yalisimama yote. Dereva wa teksi alisema, "Shikamoo, afande," na yeye ndiye mkubwa kwa umri. Watoto walivuka kundi zima, wakubwa wamewashika wadogo, na kitinda mimba akavuka mwishoni akijishika magoti. Dereva mmoja alitoa noti dirishani, akatafuta pa kuitia, hakupaona, akairudisha ndani huku akinung'unika kwamba trafiki wa siku hizi hawaeleweki.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ile, na kesho yake, na keshokutwa yake mpaka kengele ilipokaribia. Ndipo Afande Pamba akapanda mteremko. Alitembea kando ya lami, upande unaotakiwa, na kila gari lililompita lilikuwa linatambaa. Alipofika alimsalimu fundi, akampa mtoto mkono, akafungua kitabu cha faini.

"Kosa ni kuvaa sare bila kibali," alisema akiandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa kulala. "Na kusimamisha magari pasipo na makosa. Kazi yako?"

"Unaijua kazi yangu."

"Naijua, mama. Lazima niulize."

"Fundi wa cherehani."

"Na huyu mtoto?"

"Ni wa kwangu. Ni dada yako, ukitaka kuhesabu hivyo."

Aliandika: *mtoto mmoja*. Akachana karatasi, akampa kwa mikono miwili. Shati nalo alilihitaji kwa ajili ya ushahidi. Fundi alilivua, chini alikuwa na blauzi yake ya kila siku, na Afande Pamba akalikunja kufuata mishono, mikono ndani, kola juu, kama anavyokunja fundi mwenyewe. Akaliweka kwapani.

"Kola yangu imeanza kuchakaa, mama. Jumamosi utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Nitakuja mapema, kabla ya foleni."

Akashuka zake. Madereva waliokuwa wanapanda waliwamulikia taa wenzao wanaoshuka, kuwaonya kwamba trafiki yuko njiani, na wenzao wakainua kidole kushukuru. Kila mmoja alimhurumia mwenzake. Alipopotea kwenye kona, injini zilinguruma zote kwa pamoja.

Fundi alikunja karatasi ya faini akaichomeka kwenye mkanda wa sketi. Alimshika binti yake kifundo cha mkono, akamhamishia kushoto kwake, ili kulia kwa mtoto pawe na mama.

"Tuvuke?" aliuliza mtoto.

"Bado."

Lori likapita, na basi, na teksi.

"Sasa?"

"Bado, mwanangu."

Ng'ambo ya barabara kengele ilianza kugongwa. Kwa ngurumo za magari, mtoto hakuisikia. Aliona tu wenzake wa ndani ya lango wameanza kukimbia, naye akauvuta mkono wa mama yake.