Nyumba Zisizo na Nyuma

Sebule yangu ni ndogo, kwa hiyo ubao wa treni yangu ya kuchezea una upana wa mkono mmoja tu. Nikishaweka reli na stesheni, nafasi ya mtaa haibaki. Ndiyo maana nyumba nilizikata kwenye maboksi, upande wa mbele peke yake, unene wa vidole viwili, nikazigandisha ukutani. Ukikaa kwenye kochi, unaona Mwanza nzima.

Jirani yangu Ngosha, fundi mwashi, hakukaa kwenye kochi. Alisema, "Shikamoo Mwalimu Adoyo," akapokea chai, kisha akachungulia pembeni kama anayekagua msingi.

"Mwalimu, nyumba hizi hazina nyuma! Ukuta wa nne uko wapi? Mimi nikijenga hivi nafukuzwa kazi."

Miaka thelathini nimefundisha sanaa, leo mtu ananisahihisha huku anakunywa chai yangu!

"Ngosha," nikamwambia, "nyumba yako hapo juu mlimani Igogo ina kuta ngapi?"

Akahesabu kwa vidole. Kidole cha nne kikabaki hewani.

"Tatu," akasema polepole. "Nyuma ni jiwe lenyewe la mlima."

"Na unalala?"

"Nakoroma kabisa."

Tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Asubuhi yake alirudi na vibanzi vya jiwe alivyobandua nyuma ya nyumba yake, akavigandisha ukutani juu ya mapaa yangu ya boksi. Ndipo akakaa kwenye kochi, akatazama weee.

"Ile ya tatu kutoka stesheni ni kwangu," akasema. "Usimpangishe mtu."