Uzi Nyuma ya Kompyuta

Kompyuta ya Khavere ilizima tena, video ya harusi ikiwa imebakisha kidogo tu iive, vipande vyote viwe video moja. Hapo Kayole, Nairobi, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, ndipo alipounganisha video za sherehe za watu. Na mchana huo Kombo, baba wa bibi harusi Rufaida, angepita kuichukua kabla ya kupanda basi la Mombasa, akamwonyeshe mama yake mgonjwa ambaye hakuweza kusafiri.

Khavere aliijua dawa, ila mdomo ulikuwa mzito. Mama mkwe wake, Asenath, tangu aje kutoka Vihiga hakuacha kufuma vitambaa. Makochi yalivishwa, redio ikavishwa, hata chupa ya chai. Kompyuta ilipata kile kikubwa cheupe chenye maua ya bluu, ikafunikwa mbele na nyuma kama mwali. Sasa utakivuaje mwenyewe yuko hapo anakutazama?

Aligusa kisanduku cha kompyuta. Kilichoma kama sufuria.

"Mama, hiki kitambaa ni kizuri sana..."

"Sema kinakusumbua. Ukianza na sifa najua kuna jambo."

"Mashine haipumui, Mama."

"Si uivue! Mimi nilizuia vumbi, sikutaka kuziba pua."

Khavere akacheka, moyo ukatua. Akakivua kitambaa, akafungua ubavu wa kisanduku, akapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akawasha upya. Wapi! Joto likapanda vile vile. Na alikuwa ameongeza feni ya pili huko nyuma, akaifunga kwa mkono wake, akijua mbili zitashinda moja.

Asenath alikuwa amevuta kigoda nyuma ya meza apate mwanga wa dirisha. Mara uzi wake ukanyanyuka mapajani, ukanata kwenye matundu ya kisanduku.

"We Khavere! Mashine yako inakula uzi wangu!"

Asenath akakata kipande, akakipeleka mbele. Nako kikavutwa.

"Ala! Mbele inavuta, nyuma inavuta. Moshi utatokea wapi? Nani alifunga hii feni?"

"Ni mimi, Mama."

"Afadhali. Nilikuwa namtafutia mwanangu matusi."

Khavere akazima, akalegeza skrubu, akaigeuza feni ya nyuma. Alipowasha, hewa ya moto ikamgonga kiganjani, ikitoka. Video ikaiva mpaka mwisho, mashine ikinguruma kama paka aliyeshiba.

"Hodi! Mwali wangu yuko tayari?" Kombo aliuliza mlangoni.

"Yuko tayari, Baba Rufaida."

Asenath akaichukua flashi yenye video, akaifunga ndani ya kile kitambaa cheupe kilichovuliwa kompyuta. "Na hiki mpe mama yako. Mwambie kimetoka harusini."

Kombo alipoondoka na tabasamu lake, Asenath akafunga kipande cha uzi wa bluu kwenye wavu wa feni ya nyuma. Kikapepea kuelekea ukutani.

"Nguo yake ndiyo hii sasa," alisema. "Siku ukiona imelala, usingoje mashine izime."