Kuvuka Bila Mzigo

Jumapili baada ya misa niliingia kwenye pirogi ya mwanangu Franck.

"Mama, mizigo iko wapi?"

"Hakuna. Unipeleke Lubunga, ng'ambo, halafu unirudishe."

"Bila kushuka? Unaenda kufanya nini?"

"Alors, mto ni yako? Piga kafi!"

Akacheka, akasukuma. Maji yalikuwa yametulia, nikachovya vidole.

Kwa miaka thelathini marehemu mume wangu alinivusha hapa, yeye nyuma na kafi lake, mimi mbele nikikumbatia magunia ya mihogo yasilowe. Sikugeuka hata siku moja kumtazama.

Leo niligeuka. Franck alikuwa amesimama wima, magoti yakifuata mwendo wa maji. Ni baba yake mtupu.

"Mama, unaniangalia nini?"

"Nyamaza. Piga kafi polepole."