Shavu la Kushoto

Tangu mama yake afariki, Iaviot alikuwa akiuza popoo katika soko la mji wa Kokopo. Kila asubuhi kabla ya kutoka alimchagulia baba yake, mzee ToMarum, popoo kumi changa za kutafuna, akamwachia pamoja na kopo la chokaa. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu na msomaji wa Biblia kanisani, mtu wa maneno mengi. Tambuu yake, ya popoo na chokaa, aliiweka kwenye shavu la kushoto, miaka arobaini sasa.

Mwezi wa Februari pilipili ikaanza kumshinda.

"Mwanangu, leo umetia moto kwenye samaki?"

"Samaki ni wale wale, baba. Wewe ndiye umezeeka."

Wakacheka. Kufika Pasaka shavu lilikuwa na kidonda. Mzee akasema ni jino, akawa anasukutua maji ya chumvi. Mdomo ukaanza kukaza, mpaka ukawa haupitishi ila kidole kimoja, na Iaviot akawa anampondea viazi. Jumapili moja mzee alisimama kusoma kanisani, maneno yakamtoka yamelowa, hayaeleweki. Akafunga kitabu, akarudi kuketi. Kesho yake akakubali kwenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana kutoka kisiwa cha Manus. Alimpapasa mzee shingoni, mkono ukasimama chini ya taya.

"Uvimbe huu una muda gani?"

"Tuliuona baada ya Pasaka," akajibu Iaviot.

Vipimo vilipotoka, daktari aliwaketisha. "Ni saratani. Imeanzia shavuni, imeshuka kwenye tezi za shingo."

"Baba hajavuta sigara maisha yake yote."

"Anatafuna?"

"Sote tunatafuna, daktari."

"Ndiyo. Chokaa inachubua, popoo nayo inadhuru polepole, mahali pale pale kila siku. Mara nyingi huanza baka jeupe lisilofutika, wala haliumi. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki tatu hakijapona, mtu asingoje tena, aje tukiangalie. Huyu angekuja mapema, tungeweza kukata."

"Na sasa?"

Daktari alimgeukia mzee mwenyewe. "Sasa, baba, nitakutuliza maumivu."

Njiani kurudi Iaviot alimshika baba yake mkono. Mzee ndiye aliyeanza kusema, akilitafuta kila neno.

"Usijibebeshe lawama, mama. Mkono ulikuwa wangu."

"Popoo zilikuwa zangu, baba."

"Na meno ya nani?"

Iaviot alicheka, kisha akalia, watu wakimwangalia.

Wiki sita za mwisho mzee hakuweza kusema tena. Aliandika kwenye daftari, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: maji, mto, funga dirisha. Siku moja aliandika sala nzima ya jioni, akamsukumia binti amsomee. Alifariki mwezi wa Agosti.

Waombolezaji wakajaa uani. Shangazi IaLingling akamfuata Iaviot kando ya jeneza.

"Watu wametoka mbali. Popoo za kuwakaribisha ziko wapi?"

"Leo sitoi, shangazi."

"Unataka kumwaibisha kaka yangu siku ya kumzika?"

"Ndizo zilizomuua."

"Babu yako alitafuna mpaka miaka tisini," shangazi akasema, akaenda kuzileta mwenyewe.

Zikagawiwa. Harufu ikatanda, ile ile ya nyumbani kwao tangu utotoni, na mdomo wa Iaviot ukajaa mate. Alikuwa hajatafuna tangu siku ile ya hospitali. Akainamia jeneza, akalia kwa uchungu na kwa aibu ya ile hamu.

Siku hizi anauza karanga. Wateja wa zamani wakimuuliza, huwaeleza habari ya baka jeupe na ya zile wiki tatu, kama daktari alivyomweleza. Wengi humsikiliza mpaka mwisho, humpa pole ya baba, kisha huvuka kwenda meza za upande wa pili kununua popoo.