Bamulaze

Siku ya nne ndani ya lile gari sikutaka tena kusikia lugha yoyote, si Kifaransa wala Kiswahili. Madame Hilde akifungua mdomo kule mbele kwenye usukani, mume wangu alinigusa bega kutoka nyuma: "Anasema nini?" Mume wangu akiguna tu, Madame alinitazama kwenye kioo, naye akitaka kujua amesema nini. Mimi nilikuwa katikati, na paka mapajani ambaye sikumwomba.

Madame Hilde ni Mbelgiji, mwanamke wa miaka sabini na mmoja. Alitoka kusini nchi baada ya nchi, akiendesha mwenyewe gari-nyumba lake: mbele usukani, nyuma kitanda, jiko la gesi, kabati, na choo ambacho mimi nilikataa kukitumia, maana kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye sufuria. Humo ndani aliishi na mbwa mkubwa aitwaye Otto na paka aitwaye Minou. Alipovuka kutoka Tanzania na kuingia Uganda pale Kikagate, siku chache kabla ya kupanda ndege kurudi kwao, alitaka mtu wa kumsemea Kifaransa chake kwa wenyeji hadi Mbarara, na mwingine wa kuwachunga wanyama akiwa ofisini. Mchungaji Semahoro wa kanisa letu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale akampa jina langu, Mukandayisenga, kwa sababu nilisoma Uvira, Kongo, kwa Kifaransa. Nami nikampa jina la mume wangu, Ngoga, kwa sababu alikuwa amekaa tu nyumbani.

Alikuwa amekaa tu kwa miaka mitano. Kwetu, milimani kule Kivu ya Kusini, Ngoga alikuwa mtu wa ng'ombe. Siku walipochukuliwa wote, kuanzia dume hadi ndama, alikuja Uganda na fimbo yake na mdomo uliofungwa. Nimeishi naye miaka hiyo yote nikiongea peke yangu kama redio. Nauza unga wa muhogo, narudi, namweleza habari za soko, anasema "Eh." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Kwa hiyo alipoambiwa atachunga mbwa, nilidhani atakataa. Kwetu mbwa hula makombo nje na hakuna anayemwita kwa jina. Lakini Otto alikuwa mzee, wa miaka kumi na mitatu, na miguu ya nyuma ilikuwa imevimba. Asubuhi ya kwanza pale Kikagate alishindwa kupanda ngazi ya gari. Akasimama tu chini, akiangalia mlango kwa aibu. Ngoga akainama, akapitisha mkono mmoja chini ya kifua na mwingine nyuma ya mapaja, vile wanavyobebwa ndama wachanga, akamwinua. Akamweka ndani. Kisha akalaza sikio kwenye mbavu zake na kusikiliza kwa muda mrefu.

"Moyo yake iko inakimbia," akaniambia. "Inakimbia halafu inasahau."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoniambia mwezi mzima.

Tulipofika Endiinzi alikuwa ameshamwita Bihogo, jina la ng'ombe mwenye rangi ya kahawia iliyoiva. Madame aliposimamisha gari tupumzike, Ngoga aliwaendea wachungaji wa pale, akaomba maziwa, akarudi na kikombe kimejaa. Wale wachungaji walicheka mpaka wakashika magoti walipoona kinywaji kinamwendea mbwa. Ngoga hakujali. Alikaa chini kwenye vumbi, mbwa akinywa, yeye akimsimulia kwa sauti ya chini habari za majani na maji. Mimi nilikuwa dirishani na paka wangu wa kulazimishwa, nikisikia mume wangu akiongea. Nitasema ukweli, nilimwonea mbwa wivu.

Sharti moja la Madame lilinichosha kuliko yote. Alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo njiani, maneno kama maji, chakula, polepole, lala salama, na hakupenda watu wasemezane mbele yake kwa lugha asiyoijua kabisa. Akaomba mimi na Ngoga tukiwa garini tuongee Kiswahili. Kwa hiyo hata kumwambia mume wangu asogeze mguu ilibidi nitumie lugha ya sokoni. Na kila neno lilipaswa kupita kwangu. Siku ya kwanza nilitafsiri yote. Siku ya pili nikaanza kufupisha. Madame anaeleza robo saa habari za marehemu mume wake, jinsi walivyopanga safari hii pamoja, nami namwambia Ngoga: "Mume wake alikufa." Ngoga anaeleza jinsi mbwa alivyokula, alivyokohoa, alivyojinyoosha, nami namwambia Madame: "Mbwa yuko sawa." Hakuna aliyelalamika. Nikaona kumbe maneno mengi ya watu hayana kazi.

Siku ya tatu tulilala Nakivale, gari likiegeshwa mbele ya nyumba yetu. Watoto wetu sita walizunguka lile gari kuanzia asubuhi. Benitha, mkubwa wao, aliuliza kama ni kweli mbwa ana pasipoti. Madame akamwonyesha: kitabu kidogo cha buluu, jina, picha, mihuri ya chanjo. Sisi tulikuwa na karatasi moja ya ruhusa ya kwenda Mbarara, ya siku tano, imekunjwa mara nne. Benitha aliirudisha pasipoti ya mbwa kwa mikono miwili, kwa heshima.

Mchana ule Ngoga alinivuta kando, nyuma ya jiko.

"Mama Benitha, ule mama analia," akasema. "Minamuona. Atapanda ndege juma inakuja, na Bihogo haitaweza ndege. Moyo itapasuka kule juu. Umuambie amuache kwangu."

"Atakula nini?"

"Atakula sahani yangu."

"Na ugonjwa wake?"

"Ata akiishi miezi mbili. Afie hapa, fasi kuko mutu anamujua." Akaichomeka fimbo ardhini. "Umuambie vizuri. Siyo kazi. Asinilipe. Anipe tu, kama vile mutu anapewa ng'ombe."

Nilimwambia nitasema. Sikusema. Niliwaangalia wale watoto sita, nikaliangalia lile debe la unga, nikamwangalia mbwa ukubwa wake. Nilikuwa nimechoka kuwa yule anayejua chakula kitatoka wapi. Pia nilijua kwamba mbwa akibaki, maneno ya mume wangu yataenda kwake, na mimi nitaendelea kupewa "Eh." Nikajiambia Madame ana pesa na madaktari, atajua la kufanya na mnyama wake.

Siku ya nne tukaingia Mbarara. Madame alikuwa ameelekezwa kwenye kliniki ya wanyama upande wa Ruharo, nyumba ndogo ya tofali yenye ua na lango la bati. Tuliegesha ndani ya ua. Ngoga akamteremsha Otto, akamkalisha kivulini. Daktari, kijana mpole, aliongea Kiingereza na Madame, na Kiingereza hakinihusu, nikashukuru Mungu. Walimpima mbwa, wakamsikiliza kifua, kisha Madame na daktari wakaingia ndani kuzungumza. Mimi nikalaza kichwa kwenye meza ya gari-nyumba. Paka alinipanda mgongoni. Nilimwacha.

Madame alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Alikaa kwenye ngazi ya gari, Ngoga akiwa chini kivulini na kichwa cha mbwa kwenye goti. Madame akaanza kusema, polepole, akiniangalia mimi. Alisema moyo wa Otto umechakaa. Alisema ndege haiwezekani. Alisema kwa siku mbili alikuwa akiwaza kumwachia Ngoga, kwa sababu hajaona mtu aliyempenda hivyo tangu mume wake afe, lakini anaona haya kuwaongezea mzigo watu wenye mizigo. Daktari ameshauri vingine. "On va l'endormir," akasema. Halafu akaongeza: "Muulize Ngoga. Nataka naye akubali."

Neno hilo, endormir, nalijua tangu darasa la pili. Ni kumfanya mtu alale. Mama humfanyia mtoto. Walimfanyia pia mama yangu mdogo hapa hapa Mbarara alipopasuliwa jicho, daktari mmoja Mkongo alitueleza kwa neno lilelile: tutamfanya alale, halafu tutafanya kazi yetu. Nikawaza, basi, watampasua huo moyo. Wazungu wanapasua hata moyo wa mbwa. Atalazwa siku chache, atapona, ataenda zake Ulaya, na mimi nitarudi kwenye unga wangu.

Na yale ya kumwachia Ngoga? Niliyasikia vizuri sana. Niliyaacha. Nilikuwa nimezoea kuacha.

"Baba Benitha," nikasema, "moyo yake iko mugonjwa mingi. Wanataka bamulaze. Anakuuliza kama unakubali."

Uso wa Ngoga ulifunguka. Kwetu mgonjwa akilazwa maana yake kuna kitanda, kuna dawa, kuna mtu amekubali kuhangaika naye. Nje ya mlango wa hospitali ndipo watu hufia.

"Bamulaze," akasema. "Bamulaze, apumuzike. Mimi nitabakia naye hapa, ata siku tatu, ata ine. Nitalala nje, hakuna shida. Umuambie."

Madame alisikia lile neno. Alijua lala, kwa ajili ya lala salama. Akatikisa kichwa kuafiki, machozi yakimshuka. "Lala," akasema. "Ndiyo. Lala."

"Ngoga anasema nini?" Madame akaniuliza.

"Anasema ndiyo," nikamjibu. Tu. Siku tatu au nne za kulala nje sikuzitaja, kwa sababu niliona ni porojo, na kichwa kilikuwa kinaniuma.

Ngoga akambeba mbwa mwenyewe hadi ndani. Mimi nilibaki garini. Baada ya muda akatoka, anajifuta mikono kwenye suruali, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona Uganda: mume wangu anatabasamu.

"Balimupiga sindano ya kwanza," akasema. "Nilimushika kichwa. Akalala vizuri, ata hakulia. Halafu daktari akaniambia nitoke, Madame abakie. Sasa mimi ninaenda kutafuta maziwa. Akiamuka atakuwa na njaa."

Akatoka langoni, hatua ndefu, fimbo mkononi. Kwa mara ya kwanza kwa siku nne kulikuwa na ukimya. Niliufurahia ukimya ule. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba niliufurahia.

Msaidizi wa kliniki, mwanamke wa Kinyankore aliyevaa mabuti ya mpira, alinijia mlangoni mwa gari.

"Mama," akasema, "nyinyi nataka kuzika mbwa yenu, ama sisi nazika hapa nyuma?"

"Mbwa gani?"

"Hii kubwa. Imeisha. Daktari namaliza sasa hivi."

Nilimwambia amekosea, mbwa wetu amelazwa, atapasuliwa. Aliniangalia kwa huruma ya mtu asiye na haraka. "Hapana, mama. Nadunga sindano ya kulala. Ile ya kulala na haiamki. Muzungu nakubali, na mzee yako nakubali."

Nilishuka ngazi za gari na kusimama. Paka alishuka nami. Nikafikiri: mzee wangu amekubali nini? Nikarudia maneno ya Madame kichwani, moja baada ya jingine, yale niliyoyatafsiri na yale niliyoyaacha, na safari hii yote yalikuwa na kazi.

Madame akatoka. Mkononi alikuwa na mkanda wa shingo wa Otto. Alinishika mkono, wake ukiwa baridi, akasema kwa sauti iliyochoka kama yangu: "Mshukuru kwa niaba yangu. Niliuliza kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kunizuia. Angesema hapana, ningemwachia. Ningemwachia papo hapo."



Ngoga akaingia langoni. Alikuwa na maziwa kwenye mfuko wa plastiki, umefungwa juu, na bakuli jipya la bati kwapani. Madame akamwendea akamkumbatia, naye akasimama wima, mikono imejaa, asijue aweke wapi macho. Kisha akanitazama mimi.

"Anasema nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia neno la Kifaransa na maana zake mbili, na kwamba mimi nilishika moja. Nilimwambia kuwa Madame alitaka kumpa mbwa, kwamba alisema hivyo kivulini pale, na mimi nikaficha. Nilimwambia kuwa hata Nakivale sikumpelekea ujumbe wake. Nilimwambia kuwa siku zile tatu za kulala nje sikuzisema, na laiti ningezisema Madame angeuliza ni za nini. Nilisema yote hayo kwa Kiswahili, ili Madame naye apate kuokota alichoweza, na sikupunguza kitu. Ilichukua muda. Maziwa yalikuwa yanadondoka tone moja moja kutoka kwenye fundo la mfuko.

Nilingoja anipigie kelele. Ningeshukuru.

Aliweka bakuli chini, taratibu, akaweka maziwa ndani yake bila kuyafungua.

"Alikuwa anaogopa ile sindano," akasema. "Aliniangalia. Nikamuambia asiogope, ni bunganga tu."

Bunganga ni dawa, dawa ya kuponya. Akalifikiri lile neno kidogo.

"Na yeye akanisadiki," akasema.