Mtu wa Kilo Hamsini na Nane

Klabu yetu ya ndondi za Kithai iko chini ya jengo la ghorofa nane pale Hallonbergen, mlango wa pili baada ya chumba cha kufulia. Mimi ndiye ninayeshika funguo. Kwa miaka thelathini na moja nilikuwa fundi wa lifti katika mji huu wa Stockholm, na nilipostaafu sikutaka kukaa dirishani nikitazama wenzangu wanakwenda kazini. Nikaomba kazi ya kujitolea. Nafungua mlango, nafua taulo, naangalia taa. Jina langu ni Ludovick, mtu wa Bukoba, na kabla ya kukutana na Wirat sikujua lolote kuhusu mchezo huo.

Wirat aliingia mwezi wa Novemba, miaka minane iliyopita, akiwa na mfuko wa nailoni na koti lililomzidi. Alikuwa ametoka kwao Thailand kuja kupika katika mkahawa wa binamu yake. Akapanda kwenye mizani na viatu vyake. Kilo hamsini na nane. Vijana wa klabu wakatazamana, na mmoja akamuuliza kama amekuja kumchukua mwanawe.

Wirat hakuwa anajua Kiswidi, kwa hiyo alicheka tu. Kisha akavua koti, akalipiga teke gunia la mazoezi, na vumbi likatushukia kutoka kwenye dari. Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza tena habari za mtoto.

Shida yake ilikuwa kwamba mjini hapakuwa na mtu wa uzito wake wa kumtosha. Wenye kilo hamsini na nane walikuwa wanafunzi wa sekondari. Alikuwa na njia mbili: aache kupigana, au apigane na wakubwa. Akachagua wakubwa. Wa kwanza alikuwa na kilo sabini na nne, mwashi, shingo kama ndoo. Nilikwenda kutazama shingo upande, kwa sababu mimi ndiye niliyemfulia kaptula na niliona kama nimemwandaa kwenda kuumia. Dakika tano baadaye mwashi alikuwa amekaa chini, anatazama mguu wake kama mtu aliyepoteza kitu.

Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu Adelina jinsi ilivyokuwa, naye akasema hanielewi. Nikachukua kalamu, nikamchorea lifti. Watu hudhani lifti inapandishwa na nguvu ya mota. Sivyo. Upande wa pili wa kamba kuna uzito unaoshuka wakati chumba kinapanda, na mota ndogo inasukuma tofauti tu. Wirat alipigana hivyo. Mtu mkubwa akirusha teke, anabaki na mguu mmoja chini, na kilo zake zote zinaulemea mguu huo. Wirat anaupokea ule wa juu, anaufagia ule wa chini, na uzito wa yule mkubwa mwenyewe unamshusha. Nilijifunza mambo ya uzito shule ya jioni, baada ya kazi, miaka tisa, na sikuwahi kuyaona yakifanywa vizuri hivyo na mwili wa binadamu.

Katika miaka minane alipigana mara kumi na nne. Kila mara mpinzani alimzidi kwa kilo kumi au zaidi. Alishinda mara kumi na tatu.

Ile moja alishindwa na Melchior wa Hagsätra.

Melchior ni mtoto wa Warundi, amezaliwa hapa hapa, kilo tisini na moja, na mama yake tunasali naye. Ni kijana mwenye adabu sana na mdomo mrefu sana. Miaka mitatu iliyopita alimbeba Wirat kama mtu anayehamisha kiti, akamweka chini mara nne, na majaji wakampa ushindi. Tangu siku hiyo, kila Jumapili kwenye kahawa baada ya misa, nilikuwa na kazi ya kumsikiliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Melchior."

"Kale kamtu kenu kanaendeleaje? Kanakula?"

"Anakula. Ni mpishi."

"Basi kaongeze sahani. Siku ile nilifikiri nimebeba begi la mazoezi, nikataka kutafuta funguo zangu ndani."

Wazee wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka pia, maana ilichekesha. Lakini ilinikaa moyoni.

Ilimkaa Wirat zaidi. Mwaka huu ametimiza miaka thelathini na minane. Daktari alimpima mara mbili, akaandika kwamba atampa ruhusa ya pambano moja tu, na baada ya hapo basi. Wirat akamwomba Melchior. Alitaka kufunga kazi yake kwa kumshinda mtu pekee aliyemshinda yeye. Hakutaka kitu kingine. Siku ikapangwa: Jumamosi mchana, mwezi wa Machi, ukumbi wa michezo wa Fittja.

Hapo ndipo mimi nilipoharibu.

Wapiganaji wa Thailand huingia ulingoni wamevaa kitu kichwani, kinaitwa mongkoni. Ni pete ya kamba nene iliyozungushiwa kitambaa, yenye mkia mfupi nyuma. Kabla ya pambano mpiganaji anazunguka ulingo na kucheza polepole, kumshukuru mwalimu wake, kisha mwalimu anaivua ile pete kwa mkono wake. Mpiganaji haivai wala haivui mwenyewe. Ya Wirat alipewa na mwalimu wake wa utotoni, ambaye sasa ni marehemu. Alinieleza kwa ishara siku ya kwanza kwamba haiwekwi chini, wala hairukwi na mtu. Nikapigilia msumari juu ya kabati, na kwa miaka minane haikugusa sakafu. Hapa Stockholm, kwa kuwa mwalimu hayupo, kila mara alivishwa na yeyote aliyekuwa karibu, na jambo hilo lilimsumbua.

Alhamisi, siku tisa kabla ya pambano, ilikuwa zamu yangu katika chumba cha kufulia, saa moja hadi saa tano asubuhi. Watu wa jengo letu wanajua kwamba ukipoteza zamu yako utasubiri wiki nzima. Nilikusanya taulo, nikakusanya kaptula na nguo za ndani za mazoezi, na nilipoinua macho nikaiona mongkoni msumarini. Ilikuwa ya kijivu. Ilikuwa inanuka jasho la miaka. Nikajiambia: huyu mtu anakwenda kwenye siku yake kubwa, na mimi nitamwacha aingie na uchafu kichwani? Nikaitia kwenye mashine pamoja na vingine vyote. Digrii sitini.

Ilitoka imevimba kama mkate uliolowa. Rangi nyekundu ilikuwa imeingia kwenye taulo zote. Mshono ulikuwa umeachia, na kwenye tundu lake niliona uji mweupe. Nikautoa kwa kidole. Ulikuwa karatasi. Ndani ya ile pete mwalimu wake alikuwa ameficha maandishi, na sasa hapakuwa na hata herufi moja.

Nilipanda nyumbani nayo ikiwa kwenye sahani, ule uji wa karatasi pembeni. Adelina aliigeuza kwa ncha ya kijiko.

"Baba Clement, umefua na nini?"

"Na nguo za mazoezi."

"Na chupi?"

"Na chupi."

"Kwa hiyo umechukua kofia ya askofu ukaifua na chupi za wanaume kumi na tano." Akaweka kikombe chini. "Nenda ukamwambie. Leo. Usingoje akaikute."

"Nitaishona kwanza."

"Utaishona, na ile karatasi je? Vaa viatu."

Nilimkuta Wirat jikoni kwenye mkahawa, anakata vitunguu. Sisi huongea Kiswidi, yeye chake kidogo na mimi changu cha shule ya jioni. Nikampa sahani. Aliosha mikono kwanza, akaifuta, kisha akaipokea kwa mikono miwili.

"Digrii ngapi?"

"Sitini."

Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za msiba wa jirani. "Ulitaka iwe safi."

"Nilitaka iwe safi."

"Nenda nyumbani, Mzee," akasema, na akarudi kwenye vitunguu.

Ijumaa hakuja mazoezini. Jumamosi hakuja. Jumapili Melchior aliponisalimu niliacha kahawa yangu mezani nikaelekea mlangoni, naye akaniuliza kama naumwa. Jumatatu nilifungua mlango wa klabu nikakaa pembeni peke yangu hadi saa ya kufunga. Nilikuwa namfikiria akiwa mzee kama mimi, amekaa dirishani, anakumbuka pambano ambalo hakupigana kwa sababu ya mtu mmoja na mashine yake ya kufulia.

Jumanne ilikuwa siku yetu ya masomo. Nieleze kidogo. Tangu mwaka wake wa kwanza, kila Jumanne nilikuwa namfundisha Wirat Kiswidi katika chumba kile kile cha kufulia, kwa sababu kuna meza na kuna joto. Nilitumia madaftari yangu ya zamani. Sikuwahi kulihesabu jambo hilo kuwa kubwa, nilifundishwa, nikafundisha. Jumanne hiyo nilishuka bila matumaini. Nikamkuta amekaa mahali pake, mongkoni iko mezani juu ya kitambaa cheupe, na pembeni kuna sindano na uzi.

"Nimempigia simu mke wa mwalimu wangu," akasema. "Nilimweleza yote."

"Na chupi?"

"Na chupi. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema karatasi ilikuwa ya mwalimu, na mwalimu ameshakufa, kwa hiyo imekwenda kwa mwenyewe. Akaniuliza, huko uliko huna mwalimu? Nikamwambia ninaye." Akanisogezea kalamu na kipande cha karatasi. "Andika."

"Wirat, mimi Mkatoliki. Siandiki hirizi."

"Sikuombi dua. Andika kitu ulichonifundisha."

Nikaandika sentensi ya kwanza niliyompa miaka minane iliyopita, ambayo aliirudia hadi mashine tatu zikamaliza kuzunguka: Naitwa Wirat, na ninaishi Hallonbergen. Niliiandika kwa Kiswidi, kwa mwandiko wangu bora. Aliisoma kwa sauti bila kukosea, akaikunja, akaitia ndani, na mimi nikashona. Mkono wangu hautetemeki. Nimeunga nyaya za lifti maisha yangu yote.

"Jumamosi utanivisha wewe na kunivua wewe," akasema. "Sasa wewe ni kru." Kru ni mwalimu kwa lugha yao.

Ukumbi wa Fittja ulijaa. Watu wa Melchior walikuja na treni nzima kutoka Hagsätra. Nilivaa suti yangu ya Pasaka. Tulipokuwa tunangoja, Melchior alitusogelea, taulo begani.

"Shikamoo, mzee. Umependeza. Umekuja kuzika?"

"Marahaba. Nimekuja kurudisha begi lako la mazoezi."

Akacheka, akampa Wirat mkono, na mkono wa Wirat ukapotea ndani ya ule wake.

Nilimvisha mongkoni. Alicheza ngoma yake ya shukrani pande zote nne za ulingo, polepole, na watu wa Hagsätra waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza mmoja mmoja. Kisha akaja kwenye kona yangu, akainamisha kichwa, nikamvua.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya Melchior. Alimsukuma hadi kwenye kamba, akambeba, akamweka chini mara mbili. Wirat alirudi kwenye kona anapumua kwa mdomo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi juu ya uzito na mizani.

"Sikiliza," nikaanza.

"Kru," akasema, "nipe maji tu."

Nikampa maji.

Raundi ya pili Melchior alirusha teke lake kubwa la kulia. Wirat alilipokea ubavuni, akalishika, akafagia. Kilo tisini na moja zikaanguka, na kishindo chake nilikisikia kwenye soli za viatu vyangu. Melchior akainuka anatabasamu. Akarusha jingine, akaanguka tena. Mara ya tatu hakutabasamu. Baada ya hapo aliogopa kuinua mguu, na mtu mkubwa asiyeinua mguu anabaki na mikono tu. Wirat akaanza kuipiga mikono ile kwa mateke, ule wa kushoto, tena ule ule, hadi ukashuka wenyewe.

Raundi ya tatu Melchior alimkumbatia ili ambebe kama zamani. Lakini Wirat alikuwa ameshamshika shingo, anaivuta chini kwa uzito wake mzima, kama mtu anayening'inia kwenye tawi, na kila Melchior alipojaribu kunyanyuka alikutana na goti. Goti, goti, goti. Alipojaribu mara ya mwisho kumwinua, Wirat aligeuka kidogo tu, upande, na jitu lile likapita juu ya paja lake likalala chali. Mwamuzi akahesabu hadi nane. Kengele ikalia Melchior akiwa amepiga goti moja.

Majaji watatu, na wote watatu wakampa Wirat.

Nilisimama nimeshika mongkoni, na niligundua kwamba nimeiinua juu ya kichwa changu na sijui tangu lini. Melchior alikuja kwenye kona yetu anachechemea. Akamwinamia Wirat kwa namna ya Kithai, mikono imekutana, kisha akanigeukia.

"Mzee, humo ndani mmeweka nini safari hii?"

"Anwani yake," nikasema.

Alifikiri namtania.

Tulirudi nyumbani kwa treni ya chini ya ardhi, mimi, Adelina na Wirat, jua la Machi bado lipo. Wirat alilala tangu kituo cha pili, barafu imefungwa gotini. Behewa lilikuwa limejaa, lakini msichana mmoja akainuka kunipisha. Nilimshukuru nikabaki wima, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umeinua mongkoni juu ya vichwa vya watu.

"Baba Clement, kaa," akasema Adelina. "Una miaka sabini na sita. Iweke mapajani."

"Mapajani haiwekwi," nikamwambia.

Tulibadilisha treni katikati ya mji, na mpaka Hallonbergen sikukaa.